Gertrude Bell: Kiajemi kwa Mapenzi, Kiarabu kwa Jasho

Ukiwa mtu mzima halafu ukasema unataka kujifunza lugha mpya, swali la kwanza utakaloulizwa ni ipi rahisi. Nimeulizwa hivyo mara nyingi tangu niwaambie wenzangu kwamba kabla sijamaliza chuo nataka kuanza lugha nyingine, na kwamba zimebaki mbili mezani: Kiarabu na Kiajemi, ambacho wenyewe wanakiita Farsi. Mmoja alinishauri nichukue Kiajemi kwa sababu eti hakina mambo ya jinsia kwenye maneno. Mwingine akaniuliza, hicho Kiajemi nitaongea na nani hapa mjini? Wa tatu aliona bora nitulie nifaulu UE kwanza. Wote wana hoja, sikatai.

Lakini kwangu uchaguzi huu si wa mchezo. Bumu halitoshi kumlipa mwalimu wa lugha mbili. Jioni zilizobaki kabla ya kuhitimu zinahesabika. Na sisi wa ualimu tunajua, ukishamaliza unaweza kupangiwa shule ambako hutapata hata mtu mmoja wa kufanya naye mazoezi ya lugha yoyote kati ya hizo. Nikikosea hapa nitakuwa nimetumia mwaka mzima kupata herufi na salamu tu.

Basi nikaanza kutafuta mtu aliyewahi kusimama kwenye njia panda hiyo hiyo akiwa mtu mzima, nione alipita wapi na alifika wapi. Nikamkuta Gertrude Bell. Wanafunzi wa historia wanamjua kama yule mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa na mkono katika kuundwa kwa nchi ya Iraki. Mimi nataka nimsimulie kwa upande mwingine, upande wa lugha zake mbili, kwa sababu naona maisha yake yote yanaeleweka vizuri zaidi ukiyafuata kwa njia hiyo.

Gertrude Margaret Lowthian Bell alizaliwa tarehe 14 Julai 1868 katika jimbo la Durham, kaskazini mwa Uingereza. Familia yao ilikuwa ya pesa hasa. Babu yake, Isaac Lowthian Bell, alikuwa miongoni mwa wenye viwanda wakubwa wa chuma nchini humo. Mama yake alifariki mwaka 1871, muda mfupi baada ya kumzaa mdogo wake Maurice, na baba yake, Hugh Bell, akaoa tena miaka mitano baadaye. Binti na baba walikuwa karibu sana. Barua alizomwandikia baba na mama yake wa kambo kwa miaka zaidi ya thelathini ndizo zinazotuwezesha leo kujua alisoma nini, wapi, na kilimsumbua nini.

Alipelekwa shule London, kisha mwaka 1886 akaingia Lady Margaret Hall, moja ya kumbi za kwanza za wanawake pale Oxford. Alisoma historia kwa miaka miwili tu, na mwaka 1888 akafaulu kwa daraja la kwanza. Ila cheti cha shahada hakupewa. Wanawake walisoma, walifanya mitihani, walifaulu, lakini Oxford haikuanza kuwapa shahada mpaka mwaka 1920. Yaani ukomae usiku kucha, upate alama kuwazidi wanaume wa darasa lako, halafu siku ya mahafali ubaki mtazamaji.

Baada ya hapo familia ilisubiri aolewe. Misimu ya dansi na karamu ikapita, hakuolewa. Kifaransa na Kijerumani alikuwa navyo tayari. Mwaka 1892 mume wa dada wa mama yake wa kambo, Frank Lascelles, alikuwa balozi wa Uingereza kule Tehran, mji mkuu wa Uajemi, nchi ambayo leo tunaiita Irani. Gertrude akaomba kwenda, na kabla ya kusafiri akaanza masomo ya Kiajemi. Alikuwa na miaka 23. Yaani alikuwa na umri wa mwaka mmoja tu kunizidi mimi.

Sasa hapa lazima nisimame kidogo nieleze Kiajemi ni lugha ya namna gani, kwa sababu watu wengi wanadhani ni Kiarabu cha lafudhi nyingine. Sivyo. Kiajemi kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikiongezwa nne kwa ajili ya sauti ambazo Kiarabu hakina, kama p na ch. Kimekopa maneno mengi mno ya Kiarabu, kama sisi tulivyokopa. Lakini ukoo wake ni mwingine kabisa. Kiajemi ni ndugu wa mbali wa Kihindi, Kijerumani na Kiingereza, wakati Kiarabu ukoo wake ni Kiebrania na Kiamhari. Kiajemi hakina jinsia ya kike na kiume kwenye nomino. Hata neno la kumtaja mtu wa tatu ni moja tu kwa mwanamume na mwanamke, kama yeye yetu. Ukitaka kusema kitabu changu, unaunganisha neno la kitabu na la mimi kwa sauti fupi ya e katikati, kiunganishi kinachofanya kazi inayofanana na ya -a yetu katika kitabu cha mtu. Kwa mtu mzima mwenye haraka, Kiajemi kinafungua mlango mapema. Baada ya miezi michache unaanza kusoma sentensi zenye maana.

Gertrude naye mlango ulimfungukia mapema, na ndani yake alimkuta Hafiz. Huyu ni mshairi wa mji wa Shiraz wa karne ya 14, na kwa Wairani si mshairi wa darasani. Diwani yake imo majumbani, na watu huifungua ukurasa wowote kutafuta fali pale wanapokuwa na jambo gumu la kuamua. Pale ubalozini alikuwepo kijana afisa aitwaye Henry Cadogan, mpenzi wa vitabu, aliyekuwa anajua mashairi hayo. Wakawa wanapanda farasi pamoja nje ya mji, wanakaa kando ya vijito na kusoma Hafiz. Wakapendana na kutaka kuoana. Gertrude akawaandikia wazazi, na baba akakataa, kwa sababu Cadogan hakuwa na mali na alisemekana kuwa mcheza kamari. Binti akatii, akarudi nyumbani kabla mwaka haujaisha, akitumaini kwamba muda utamlainisha baba. Mwaka 1893 simu ya maandishi ikaja: Cadogan ameugua kichomi na amefariki.

Nimefikiria sana juu ya alichofanya baada ya habari ile. Mtu mwingine angefunga vitabu vya Kiajemi asivitazame tena. Yeye aliendelea. Mwaka 1894 alitoa kitabu chake cha kwanza, kumbukumbu za safari ya Uajemi, bila kuweka jina lake. Kichwa chake kilianza na maneno ya Kiajemi, Safar Nameh, yaani kitabu cha safari. Akaendelea na masomo London, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Denison Ross, msomi wa lugha za Mashariki. Mwaka 1897, miaka mitano tu tangu aanze lugha, akachapisha tafsiri ya mashairi 43 ya Hafiz kwa Kiingereza, pamoja na utangulizi mrefu juu ya maisha na zama za mshairi huyo. Edward Browne wa Cambridge, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa fasihi ya Kiajemi Uingereza wakati ule, aliisifu sana. Hadi leo, zaidi ya karne moja baadaye, bado inatajwa kati ya tafsiri bora za Hafiz kwa Kiingereza.

Mimi wa ualimu siwezi kupita hapa bila kuwataja Gardner na Lambert, ambao kila aliyesoma kozi ya ufundishaji wa lugha amekutana nao kwenye desa. Hawa wasomi wawili waliofanya utafiti Canada walitofautisha motisha mbili za kujifunza lugha: ya kutaka kuwa karibu na watu wa lugha ile, na ya kutaka faida kama kazi au mtihani. Kiajemi cha Bell kilikuwa cha aina ya kwanza. Hakikuwa na mshahara wala cheti. Alikisoma kwa sababu kulikuwa na mshairi mmoja na mtu mmoja, na mtu alipoondoka mshairi alibaki.

Sasa tuje kwenye Kiarabu. Alikuwa ameshakigusa kidogo akiwa Uingereza, lakini mwishoni mwa mwaka 1899, akiwa na miaka 31, aliamua kwenda kukikabili mahali kinapoongelewa. Akaenda Yerusalemu, wakati huo ikiwa chini ya Waturuki wa Dola ya Uthmaniya. Balozi mdogo wa Ujerumani pale alikuwa Friedrich Rosen, rafiki yake tangu Tehran, naye mwenyewe msomi wa Kiajemi. Gertrude akapanga chumba hotelini karibu na kwa Rosen, akatafuta mwalimu, akanunua farasi, akaanza.

Na akapigwa. Huyu ni mtu mwenye daraja la kwanza la Oxford, mwenye lugha kadhaa, aliyetafsiri Hafiz, lakini barua zake za miezi ile ni za mwanafunzi anayelia. Alimweleza baba yake kwamba kuna sauti ambazo koo la Mzungu karibu haliziwezi, na kwamba h moja ya Kiarabu anaipata tu akiukandamiza ulimi kwa kidole, jambo ambalo haliwezekani ukiwa kwenye maongezi na watu.

Kwa nini Kiajemi hakikumsaidia? Hili ni jambo la maana kwa yeyote anayedhani akisoma kimoja atakuwa amekula nusu ya kingine. Waajemi wanaandika herufi zote za Kiarabu, lakini hawazitamki zote tofauti. Kiarabu kina s ya kawaida, s nzito na th. Mwajemi anaziandika tatu na kuzitamka zote s. Zipo herufi nne ambazo yeye anazitamka zote z. Na h mbili za Kiarabu kwake ni h moja. Kwa hiyo Bell alifika Yerusalemu akizijua herufi kwa macho, ila koo lilikuwa bado. Sisi tunaelewa, kwa sababu Kiswahili kimefanya vilevile. Tukisema habari, haki na hewa tunatamka h moja, lakini kwa Mwarabu hizo ni herufi tatu tofauti. Mzee wa pwani aliyesoma chuoni tangu utotoni atakuonyesha tofauti hiyo mara moja. Mimi niliyekulia bara nitahitaji kidole kama Bell.

Tena sauti ni mwanzo tu. Kiarabu kina jinsia kwenye nomino na kwenye vitenzi, kina umoja, wingi, na katikati yake hali ya vitu viwili. Wingi wa maneno mengi hauji kwa kuongeza kipande mwanzoni au mwishoni, bali kwa kulivunja neno lenyewe ndani, ndiyo maana kitab wingi wake ni kutub. Juu ya yote, Kiarabu cha vitabuni si kile cha sokoni, na cha soko la Yerusalemu si kile cha Wabedui jangwani. Ukianza Kiarabu ni kama umesajiliwa kozi mbili kwa ada ya moja.

Lakini kuna malipo, na Bell aliyaona. Maneno ya Kiarabu yanajengwa juu ya mizizi, mara nyingi ya konsonanti tatu, na ukishaujua mzizi mmoja unapata familia nzima. Mfano tunao nyumbani. Chukua k, t na b, mzizi wa kuandika. Kutoka humo sisi tumepata kitabu, katibu, katiba, maktaba na mkataba. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuyafundisha maneno haya matano kama matano, au kama neno moja lililovaa nguo tano. Bell alikomaa miezi ile, siku baada ya siku, mpaka akafika mahali akaweza kusoma hadithi za Alfu Lela u Lela kwa raha yake. Kwa aliyewahi kufika hapo katika lugha yoyote, hiyo ni siku ya kuikumbuka.

Tofauti na Kiajemi, hakuwa na mshairi wala mchumba upande huu. Alichokitaka ni njia. Mwaka 1900 huohuo alipanda farasi akaenda Petra, akawakwepa maofisa wa Kituruki na kuingia nchi ya milima ya Wadruze, akazungumza na mkuu wao mwenyewe kwa Kiarabu, kisha akafika magofu ya Palmyra. Mwaka 1905 alirudi na kuzunguka Syria, na safari hiyo ikazaa kitabu The Desert and the Sown cha mwaka 1907. Katika safari zilizofuata alipima na kuchora magofu, likiwemo jumba la Ukhaidir huko Iraki mwaka 1909. Maarifa yake mengi hakuyapata maktabani. Aliyapata hemani, kwenye kahawa, akisikiliza nani ana ugomvi na nani, ngamia wa nani wameporwa, kisima kipi kimekauka.

Mwishoni mwa mwaka 1913 alitoka Damascus na msafara wa ngamia kuelekea Ha'il, katikati ya Bara Arabu, makao ya ukoo wa Ibn Rashid. Alipofika mapema mwaka 1914, amiri hakuwepo, na waliobaki wakamzuia asiondoke kwa siku kadhaa. Waliomjia na kumweleza siri za jumba lile walikuwa wanawake, hasa Turkiyyeh, Mcherkesi aliyewahi kuwa katika nyumba ya amiri. Msafiri wa kiume, hata awe na Kiarabu cha namna gani, asingeingia vyumba hivyo. Hatimaye walimruhusu, akaondoka salama.

Mpaka hapo ni hadithi nzuri ya mwanafunzi hodari wa lugha, na ningeweza kuishia hapa tukapiga makofi. Lakini vita vya kwanza vya dunia vikaja, na ile lugha aliyoitafuta ili apite njia ikawa mali ya serikali yake. Mwishoni mwa mwaka 1915 aliitwa Cairo, kwenye ofisi ya upelelezi wa Waingereza iliyoshughulikia Waarabu. Majina ya makabila, koo, visima na uhasama aliyoyakusanya kwenye kahawa yakaingia kwenye mafaili. Mwaka 1916 alikuwa Basra, mwaka 1917 Baghdad baada ya jeshi la Waingereza kuuteka mji huo, na huko akawa Katibu wa Masuala ya Mashariki wa utawala. Wakuu wa makabila na watu wa mjini walikuja ofisini kwake, naye aliongea nao bila mkalimani.

Wengi walikuja, lakini si wote. Wanazuoni wakubwa wa Kishia wa Najaf, Karbala na Kadhimain, ambao miongoni mwao walikuwemo watu wenye asili ya Uajemi, kwa kawaida hawakukaa na mwanamke asiyejifunika uso, na yeye hakuwa tayari kujifunika. Hebu fikiria. Nafikiri hakukuwa na ofisa wengi wa Kiingereza Baghdad wenye lugha zote mbili za miji ile kama yeye, lakini milango hiyo ilibaki karibu yote imefungwa. Machi 1920 alifanikiwa kuonana na mmoja wao, Sayyid Hasan al-Sadr, na akaona ni tukio kubwa. Miezi michache baadaye, katikati ya mwaka huohuo, Wairaqi wakaasi dhidi ya Waingereza, na moto ulikuwa mkali zaidi katika nchi ya Mto Furati, palepale ambapo sauti ya wanazuoni wale ilisikilizwa zaidi. Uingereza ilileta askari kutoka India na ikatumia ndege za kivita. Wairaqi waliouawa ni maelfu.

Machi 1921 Winston Churchill aliitisha mkutano Cairo kuamua mustakabali wa nchi hizo. Bell alikuwepo katikati ya wanaume, na alimpigania Faisal, mwana wa Sharifu Husein wa Makka, awe mfalme wa Iraki. Faisal alitawazwa tarehe 23 Agosti 1921. Nchi ilipata mfalme na bendera, na Waingereza wakabaki nyuma ya pazia kwa jina la udhamini wa Shirikisho la Mataifa.

Udhamini huo sisi tunaujua. Tanganyika nayo iliwekwa chini ya Waingereza kwa mpango huohuo wa Shirikisho la Mataifa, ingawa kwa daraja lingine. Na hapa kwetu pia maofisa wa utawala walitakiwa kusoma Kiswahili na kukifanyia mtihani. Wapo waliokijua vizuri kuliko vijana wengi wa leo. Walikitumia kusikiliza kesi, kukusanya kodi na kutoa amri. Ndiyo maana mimi siwezi kusoma habari za Bell kama msomaji wa London anavyozisoma. Najua upande wa pili wa meza unavyokuwa, pale mgeni anapoijua lugha yako na wewe huna sauti katika anachoenda kuandika.

Hata hivyo haki yake nimpe. Kati ya Waingereza wa wakati ule, alikuwa miongoni mwa waliosema kwamba Waarabu wanaweza na wanapaswa kujitawala, na alibishana na mkubwa wake mwenyewe, Arnold Wilson, kwa ajili hiyo. Miaka yake ya mwisho aliitumia kwa mambo ya kale. Faisal alimfanya mkurugenzi wa mambo ya kale, akasimamia sheria ya kuhakikisha sehemu ya vitu vinavyofukuliwa inabaki Iraki, na akaanzisha makumbusho ya Baghdad. Na bado mtu huyohuyo, aliyenyimwa shahada kwa kuwa mwanamke, aliwahi kuwa kiongozi katika jumuiya ya wanawake wa Kiingereza waliopinga wanawake kupewa kura. Binadamu hasomeki kwa mstari mmoja.

Alifariki Baghdad usiku wa kuamkia tarehe 12 Julai 1926, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 58, baada ya kumeza dawa za usingizi kupita kiasi. Kama alikusudia au la, watu wanabishana hadi leo. Alizikwa palepale Baghdad.

Sasa turudi kwenye swali letu. Nikiyaweka maisha haya mezani, naona lile swali la ipi rahisi halikumwongoza Bell hata siku moja. Alipoanza Kiajemi, kilichomshika ni kitabu kimoja alichotaka kukisoma. Alipoanza Kiarabu, alijua barabara anayotaka kuipita. Ndiyo maana alivumilia. Mtu mzima hana mama wa kumlazimisha wala darasa la kumbeba, kwa hiyo akikosa kitu kimoja cha kukifikia, siku ya kwanza ya uchovu anaacha. Kwa hili Kiajemi na Kiarabu viko sawa.

Lakini maisha yake yamenifundisha pia kuuliza swali la pili, ambalo yeye sioni kama alijiuliza mapema vya kutosha: nikishaijua lugha hii, wenye lugha watapata nini kutoka kwangu? Hafiz hakupungukiwa kitu kwa kusomwa na Bell. Wazee wa hemani walitoa kahawa na habari, na habari zikaenda ofisini. Lugha ilikuwa ileile siku zote mbili. Kilichobadilika ni aliyekuwa anasubiri majibu.

Uamuzi wangu ni huu. Kiajemi nakipenda, na si kigeni kwetu kama tunavyodhani. Nahodha, bandari, serikali, dirisha, pamba na rangi ni maneno yenye asili ya huko, na Mwaka Kogwa wa Makunduchi unahusishwa na Nauruzi yao. Lakini naanza na Kiarabu. Mimi naenda kufundisha Kiswahili sekondari, na nataka mwanafunzi wangu akikutana na katiba na mkataba aone kuwa ni ndugu, badala ya kukariri. Hicho ndicho kitu changu kimoja. Nacho kitabaki na faida hata nikipangiwa shule ambayo hakuna wa kuongea naye Kiarabu, kwa sababu maneno hayo yatakuwepo darasani kila siku. Na anayefaidika ni mtoto aliye mbele yangu, hakuna ofisi inayosubiri ripoti.

Wewe mwenzangu unaweza kuwa na kitabu kingine au barabara nyingine, na jibu lako likawa Kiajemi, tena kwa haki kabisa. Kitaje tu kwanza, kabla hujatoa hela ya mwalimu. Kwa wale wa Kiarabu, tunaanza wiki ya pili ya semista, jioni, kwenye vimbweta vya jirani na maktaba. Mwenye daftari la mistari mipana aje nalo, herufi hizi zinataka nafasi.